Kampuni Tatu, Tapeli Mmoja: Je, Anaweza Kukamatwa Bila Siri Zako Kupokezanwa?

Chukua mfano huu. Saa nne asubuhi, mwenye duka la vipodozi kando ya Mumias South Road, Buruburu, anapigiwa simu na mtu anayejiita mhudumu wa wateja. Anaambiwa kuna pesa zimeingia kwa laini yake kimakosa na anafaa kuzirudisha haraka. Anazirudisha. Saa sita, mtu yuleyule, sasa kwa laini ya mtandao mwingine, anampigia mstaafu wa Phase 3 na hadithi ya malimbikizo ya pensheni yanayohitaji kwanza "ada ya usajili". Saa tisa, kitambulisho kilichoibwa wiki iliyopita ndani ya matatu ya 58 kinatumika kuombea mkopo wa haraka kwenye programu ya simu.

Kampuni tatu zimemwona mtu huyu leo. Ya kwanza imeona pesa zikiingia na kutolewa kwa wakala dakika chache baadaye. Ya pili imeona laini mpya ikipigia nambari nyingi kwa siku moja. Ya tatu imeona simu moja ikiomba mikopo kwa majina manne. Kila moja ina kipande chake, na kipande kimoja hakitoshi kumzuia mtu. Hata mteja mwaminifu hutoa pesa haraka, hununua laini mpya na huazima simu ya jirani.

Vipande vikikutana, picha inatokea. Swali ni vipi vitakutana. Kwani ni lazima kampuni zipokezane orodha ya kila mtu uliyemtumia pesa, karo uliyolipa, dawa ulizonunua na saa uliyoweka dau la mpira, ndipo tapeli apatikane?

Jibu fupi ni hapana. Kuna hesabu zinazowezesha kompyuta za mashirika kadhaa kujifunza kwa pamoja bila shirika lolote kuona daftari la mwenzake, na zinazokuwezesha kukagua kwamba kweli ndivyo ilivyofanyika. Makala haya yanazieleza kwa lugha ya chama. Hayatangazi huduma mpya. Tunayaandika kwa sababu maneno kama "akili mnemba" na "blokcheni" yanazidi kusikika kwenye matangazo ya huduma za pesa, na mteja anayeelewa ndiye anayeweza kuuliza swali linalofaa kabla ya kubonyeza "Kubali".

Taarifa zako hukutana wapi leo?

Kupokezana taarifa si jambo geni Kenya. Ukikopa benki, habari za jinsi ulivyolipa hupelekwa kwa CRB. Zenye leseni ya Benki Kuu ni TransUnion, Metropol na Creditinfo. Utaratibu wake ni wa chungu kimoja: kila mkopeshaji analeta, na anayetaka kujua anachota.

Chungu hicho kina faida. Mtu aliyelipa vizuri kwa miaka anaweza kukopeshwa hata na benki isiyomjua. Lakini kosa likiingia humo, linamfuata mtu kila aendako. Kuna kipindi watu walikuwa wakiorodheshwa kwa deni la shilingi mia chache tu, hadi Aprili 2020 Benki Kuu ilipoamua kuwa deni lililo chini ya Sh1,000 lisipelekwe huko.

Kisha zikaja programu za mikopo zilizoomba ruhusa ya kusoma kitabu chako cha simu. Ukichelewa kulipa, bosi wako, shemeji yako na mwenyekiti wa chama wanapigiwa. Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza Mulla Pride, kampuni iliyoendesha programu za KeCredit na Faircash, faini ya Sh2,975,000 kwa kutumia majina na nambari zilizopatikana kwa watu wengine kutuma meseji na kupiga simu za vitisho.

Mkopeshaji alihitaji kujua jambo moja tu: je, huyu atalipa? Ili alijue hilo moja, akabeba nyumba nzima. Hesabu tunazozieleza hapa zinajaribu kuleta jibu na kuiacha nyumba mahali pake.

Kompyuta hujifunza nini hasa?

Fikiria konda aliyefanya kazi Jogoo Road miaka kumi. Hakumbuki jina la abiria hata mmoja wa mwaka jana, lakini anajua dalili za yule atakayeshuka bila kulipa. Abiria wenyewe wameshapita zao. Kilichobaki kichwani mwa konda ni mazoea.

Kompyuta nayo hujifunza hivyo. Haihitaji kukumbuka kwamba Jumanne ulimtumia dada yako Sh1,500. Inapitia miamala mingi na kubaki na orodha ndefu ya nambari, inayoitwa modeli. Kila nambari inasema dalili fulani ina uzito gani. Laini iliyobadilishwa asubuhi ya leo ina uzito mkubwa. Pesa zote kutolewa ndani ya dakika tano baada ya kuingia, uzito mkubwa pia. Kumtumia pesa mtu usiyewahi kumtumia, uzito mdogo, maana sote tunafanya hivyo kila siku tukinunua mboga Mutindwa.

Shida iko kabla ya hapo. Kwa kawaida, ili modeli ijifunze, miamala yote hukusanywa kwanza mahali pamoja. Yaani tunarudi kwa chungu.

Mlete mwalimu nyumbani, daftari lisitoke

Mwaka 2016 watafiti wa Google walieleza njia ya kugeuza mambo: badala ya data kwenda kwa modeli, modeli iende kwa data. Mwaka 2017 walitangaza kuwa wanaijaribu kwenye kibodi ya Gboard, ile inayokisia neno unalotaka kuandika. Modeli inashuka kwenye simu na kujifunza humo wakati simu iko kwenye chaji, imeunganishwa na waifai na haitumiki. Kisha inarudisha masahihisho tu: nambari hii ipande kidogo, ile ishuke. Kompyuta kuu inajumlisha masahihisho ya simu nyingi, na modeli iliyoboreshwa inarudi kwa wote. Ulichoandika hakikutoka mfukoni mwako.

Huku kwetu kuna tofauti moja ya kukumbuka. Wengi wetu tunatumia kabambe, na kumbukumbu za miamala ziko kwa kampuni, haziko ndani ya simu. Kwa hiyo wanachama wa kikundi hiki cha kujifunza wangekuwa kampuni za simu, benki na sacco. Kila moja ingefundisha nakala ya modeli kwenye kompyuta zake, na kinachotoka nje ya lango kingekuwa masahihisho.

Hapo kuna mtego. Masahihisho nayo huongea. Mwaka 2019 watafiti wa chuo cha MIT nchini Marekani, Ligeng Zhu, Zhijian Liu na Song Han, walionyesha kwamba mtu akiyapata masahihisho peke yake anaweza kuziunda upya picha zilizotumiwa kufundishia. Daftari limebaki nyumbani, lakini aliyesoma masahihisho amekisia kilichoandikwa. Ndiyo maana kunahitajika kriptografia, yaani elimu ya kuficha ujumbe kwa hesabu.

Hesabu ya chama: jumla ijulikane, ya mtu isijulikane

Shika kalamu ufuate mfano huu, maana ndio kiini cha jambo zima.

Wanachama watatu wanataka kujua wastani wa faida yao ya wiki ili wakubaliane mchango. Hakuna anayetaka kutaja faida yake, hata kwa mweka hazina. Mama mboga alipata Sh4,200. Fundi cherehani alipata Sh6,500. Mwenye kinyozi alipata Sh7,300.

Kwanza, kila wawili wanachagua nambari ya siri baina yao. Mmoja ataiongeza kwenye hesabu yake, mwenzake ataitoa.

- Mama mboga na fundi wanachagua 9,150. Mama mboga anaongeza, fundi anatoa.
- Mama mboga na kinyozi wanachagua 2,480. Mama mboga anaongeza, kinyozi anatoa.
- Fundi na kinyozi wanachagua 5,700. Fundi anaongeza, kinyozi anatoa.

Sasa kila mmoja anampa mweka hazina nambari moja:

- Mama mboga: 4,200 + 9,150 + 2,480 = 15,830
- Fundi: 6,500 − 9,150 + 5,700 = 3,050
- Kinyozi: 7,300 − 2,480 − 5,700 = −880

Ukiziangalia hizo nambari, utadhani mama mboga ni tajiri na kinyozi amepata hasara. Zimefunikwa, hazina maana yoyote. Lakini jumlisha: 15,830 + 3,050 − 880 = 18,000. Kila siri iliongezwa mara moja na kutolewa mara moja, kwa hiyo zimefutana. Wastani ni Sh6,000, na mweka hazina hajui faida ya mtu yeyote.

Badala ya faida, weka masahihisho ya modeli. Badala ya wanachama watatu, weka benki, kampuni za simu na sacco. Anayejumlisha anapata somo la wote bila kuona la mmoja.

Kuna mambo mawili ya kuangalia. Kwanza, wawili wakila njama wanaweza kumpata wa tatu: watatoa zao kutoka kwa 18,000, na kilichobaki ni cha mwenzao. Kikundi kikiwa kikubwa, njama inahitaji watu wengi zaidi. Ukisikia "tunalinda data kwa kushirikiana", uliza wako wangapi.

Pili, itakuwaje kama simu ya kinyozi itazimika kabla hajatuma hesabu yake? Siri zake hazitafutana na jumla itaharibika. Dawa yake iligunduliwa na Adi Shamir mwaka 1979: siri inakatwa vipande, mathalani vitano, kwa namna ambayo vipande vyovyote vitatu vinaifungua, lakini viwili havifunui chochote. Waliokulia kwenye vikundi vya kuweka akiba wanalijua wazo hili kwa sanduku la kufuli tatu, ambalo halifunguki mpaka wenye funguo wakutane. Shamir alifanya kufuli hilo kwa hesabu, akaongeza kwamba mwenye ufunguo mmoja au wawili akisafiri, kazi isisimame.

Kelele kidogo ya makusudi

Wakati mwingine hata jumla inafichua. Kama chama kilikuwa na jumla fulani mwezi jana, na mwezi huu ameingia mtu mmoja tu, tofauti ya jumla mbili ni yake. Ili kuzuia hilo, kompyuta huongeza kelele kidogo kwenye hesabu.

Unaweza kulijaribu hili kwa sarafu ya kumi. Tuseme unataka kujua ni wangapi mtaani waliowahi kushindwa kulipa mkopo. Kila mtu arushe sarafu bila mwingine kuona. Ikionyesha simba, aseme ukweli. Ikionyesha nembo, airushe tena: simba, ajibu "ndiyo", nembo, ajibu "la", hata kama si kweli. Mtu akisema "ndiyo", huwezi kumcheka, kwa sababu huenda ni sarafu iliyosema. Lakini kati ya watu 100, takriban 50 walisema ukweli, na takriban 25 walisema "ndiyo" kwa sababu ya sarafu. Ukipata "ndiyo" 40, basi 15 hivi zimetoka kwa wale 50 wa kweli. Kwa hiyo kama watu 30 kati ya 100 waliwahi kushindwa. Umeujua mtaa bila kumjua mtu. Njia ya aina hii ilielezwa na Stanley Warner mwaka 1965, kabla hata nyumba za Buruburu hazijajengwa.

Kelele ina bei yake. Ikizidi, modeli inakosea zaidi, na anayeumia ni mteja mwaminifu ambaye muamala wake umezuiwa bure. Ikipungua sana, siri zinavuja. Uamuzi wa kiwango ni wa binadamu, si wa hesabu.

Nani atamkagua mkaguzi?

Mpaka hapa tumedhani kila mwanachama ni mwaminifu. Je, kama mfanyakazi mmoja mle ndani anashirikiana na matapeli, akatuma masahihisho yanayoifundisha modeli kwamba nambari za genge lake ni salama? Na je, anayejumlisha akibadilisha jumla kimyakimya?

Kila mwanachama wa chama anajua hatari ya daftari moja mikononi mwa mtu mmoja. Karatasi inachanwa. Mchango wa Machi unasemekana haukutolewa. Dawa ni kila mwanachama awe na nakala yake, na kila kikao kuanza kwa kusoma kumbukumbu za kikao kilichopita. Blokcheni ni wazo hilo likifanywa na kompyuta, pamoja na kitu kimoja cha ziada kinachoitwa hashi.

Hashi ni kama alama ya kidole ya maandishi. Unaingiza maandishi ya urefu wowote, yanatoka mafupi ya urefu uleule kila mara. Aina inayotumika sana, SHA-256, hutoa herufi na tarakimu 64. Ukibadilisha koma moja kwenye maandishi, hashi yote inabadilika. Sasa andika juu ya kila ukurasa wa daftari hashi ya ukurasa uliotangulia. Mtu akigusa ukurasa wa Machi, hashi yake haitalingana tena na iliyoandikwa ukurasa wa Aprili, na wa Aprili hautalingana na wa Mei, na kila mwenye nakala ataona. Stuart Haber na Scott Stornetta walieleza mnyororo wa namna hii mwaka 1991 kwa ajili ya kuweka tarehe kwenye nyaraka. Bitcoin ilianza kuutumia kwa pesa Januari 2009.

Kwenye kujifunza kwa pamoja, daftari hili huandikwa mambo kama haya: nani alishiriki raundi ya kumi na mbili, hashi ya masahihisho yake ni ipi, na modeli iliyotoka ni ipi. Baadaye mtu akikana, ushahidi upo.

Hapa tunaomba msome polepole, kwa sababu ndipo wengi hudanganywa. Miamala yako haifai kuandikwa kwenye blokcheni. Kilichoandikwa humo hakifutiki, ilhali Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kuomba taarifa zako zisahihishwe au zifutwe. Na usikubali kuambiwa "tumeweka hashi ya nambari yako ya simu, kwa hiyo imefichwa". Nambari zinazoanza na 07 zina tarakimu nane zinazobaki, yaani ni milioni 100 tu zinazowezekana. Kompyuta ya kawaida inaweza kutengeneza hashi za zote kwa muda mfupi, kisha ikatafuta yako kwenye orodha. Hashi hulinda siri ndefu isiyokisiwa. Nambari ya simu hukisiwa.

Kuthibitisha bila kufichua

Limebaki fundo moja. Kama masahihisho yamefunikwa, utajuaje kwamba ndani hamna sumu? Jibu ni aina ya uthibitisho uliobuniwa na Shafi Goldwasser, Silvio Micali na Charles Rackoff na kuwasilishwa mwaka 1985: kuthibitisha kwamba jambo ni kweli bila kutoa habari nyingine yoyote.

Linasikika kama mazingaombwe, lakini unaweza kulifanya kibandani. Una vifuniko viwili vya soda, kimoja chekundu na kimoja kijani, na rafiki asiyetofautisha rangi hizo. Yeye anaviona sawa na hakuamini. Mwambie avishike mgongoni, avibadilishe mikono au asivibadilishe, kisha akuonyeshe. Wewe useme kama amebadilisha. Ukibahatisha, utapatia nusu ya wakati. Ukipatia mara kumi mfululizo, uwezekano kwamba ulibahatisha ni 1 kati ya 1,024. Mara ishirini, ni chini ya 1 kati ya milioni. Rafiki sasa anaamini vifuniko ni tofauti, na bado hajui kipi ni chekundu.

Kwa njia kama hiyo, sacco inaweza kuthibitisha kwamba masahihisho yake yako ndani ya mipaka iliyokubaliwa bila kuyaonyesha. Mkopeshaji anaweza kuthibitisha kwamba alama yako imetokana na modeli ileile inayotumika kwa kila mtu. Na wewe unaweza kuthibitisha kwamba mapato yako yamezidi Sh20,000 kwa mwezi bila kutoa taarifa ya miamala ya miezi sita. Kwa sasa uthibitisho huu ukifanywa kwa modeli kubwa unahitaji nguvu nyingi sana za kompyuta, na hiyo ni sababu mojawapo hujaukuta bado kwenye menyu ya simu yako.

Imewahi kufanyika?

Ndiyo, kwa sehemu. Januari 2008 nchini Denmark, wakulima wapatao 1,200 wa viazisukari walinadi mikataba yao ya mavuno kwa hesabu za siri. Kiwanda kilikuwa mnunuzi mmoja tu, na wakulima hawakutaka kijue kila mmoja yuko tayari kushuka hadi wapi. Bei ya soko ikapatikana bila ya mkulima yeyote kuonekana. Yeyote aliyezaliwa kwenye miwa kule Mumias anaelewa kwa nini hilo ni jambo kubwa.

Kati ya 2019 na 2022, kampuni 10 za dawa, zikiwemo Bayer, Novartis na AstraZeneca, zilifundisha modeli za kutafuta dawa kwa pamoja katika mradi ulioitwa MELLODDY, huku kila kampuni ikibaki na data yake na hatua zikiandikwa kwenye daftari la aina ya blokcheni. Hizi ni kampuni zinazoshindana sokoni. Na mwaka 2024 SWIFT, mtandao unaobeba ujumbe wa malipo kati ya benki za dunia, ulitangaza majaribio ya kunasa ulaghai pamoja na benki wanachama bila data ghafi kupokezanwa.

Hesabu nzuri, ruhusa mbaya

Kenya tuna somo letu. Julai 2023 Worldcoin ilizinduliwa, na Wakenya wakapanga foleni ndefu KICC kupigwa picha ya mboni za macho ili wapewe tokeni zilizokuwa na thamani ya takriban Sh7,000. Mradi huo unatumia blokcheni na uthibitisho wa aina tuliyoieleza, na wenyewe walisema siri ya mtu inalindwa na hesabu hizo. Tarehe 2 Agosti 2023 serikali iliusimamisha. Mei 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba data hiyo ilikusanywa kinyume cha sheria: tathmini ya athari inayotakiwa na sheria haikufanywa ipasavyo, na ridhaa ilipatikana kwa kuwavuta watu na tokeni. Kampuni ikaamriwa kufuta data hizo ndani ya siku saba.

Kriptografia inaweza kulinda taarifa baada ya kuchukuliwa. Haiwezi kusema kama ilifaa kuchukuliwa. Hilo linasemwa na wewe, na sheria.

Maswali sita ya kuuliza

Ukiambiwa huduma yoyote ya pesa inatumia akili mnemba "kwa usalama wako", yakiwemo matangazo yetu, uliza:

1. Data yangu inatoka nje ya kampuni, au ni masomo yake tu yanayotoka?
2. Wanaoshiriki ni wangapi, na ni wangapi wakila njama siri yangu itafichuka?
3. Ni nini hasa kinachoandikwa kwenye blokcheni? Kama ni nambari ya simu au kitambulisho, hata kwa hashi, kuna shida.
4. Nani wa nje anaweza kukagua?
5. Modeli ikikosea na muamala au mkopo wangu ukikataliwa, ni binadamu gani atakayeuangalia upya?
6. Nikisema sitaki, bado nitaweza kutuma na kupokea pesa?

Swali la tano lina mguu wa kisheria. Sheria ya 2019 inakupa haki ya kutofanyiwa uamuzi mzito unaotegemea mashine peke yake. Una haki pia ya kujua taarifa zako zinatumiwa vipi, kuziona na kupinga zinavyotumiwa. Taarifa zikivuja na kuna hatari ya kweli kwa wateja, kampuni inatakiwa kumjulisha Kamishna wa Ulinzi wa Data ndani ya saa 72. Usiporidhika, malalamiko hupelekwa kwa ofisi hiyo, na sheria inaitaka iyachunguze na kuyamaliza ndani ya siku 90.

Unachoweza kufanya leo

Hesabu hizi zote hazimzuii mtu uliyempa PIN kwa mdomo wako mwenyewe. Kwa hiyo:

- Usitoe PIN wala msimbo uliotumiwa kwa meseji, hata kwa anayejua jina lako kamili na kiasi ulichotuma jana.
- Ukiambiwa pesa zimeingia kimakosa, angalia salio lako kwanza. Usizirudishe mwenyewe. Mwambie aliyetuma awasiliane na kampuni yake.
- Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Usiyoitambua, iripoti.
- Fungua mipangilio ya simu na uondoe ruhusa ya kusoma kitabu cha simu kwa programu yoyote ya mkopo.
- Kitambulisho kikipotea, ripoti polisi siku hiyohiyo na uihifadhi karatasi ya ripoti.

Na kwenye kikao kijacho cha chama, jaribuni ile hesabu ya wastani kwa kalamu na karatasi. Inachukua dakika kumi. Mkimaliza, mtakuwa mmejua wastani wenu, na hakuna atakayerudi nyumbani akijua ya mwenzake.